Mama Bampa na Gari Jekundu la Mumewe

Siku gari lile liliporudi, Mama Bampa alikuwa amechuchumaa mbele ya duka lake, anasugua taa kuukuu kwa dawa ya meno ili kioo chake king'ae. Alisikia honi ya gari la kuvuta nyuma yake, akasogea kidogo bila kugeuka. Magari ya kuvuta huingia mtaa wetu kutwa, yakituletea yaliyogongwa, yaliyoungua na yaliyochoka. Aligeuka aliponiona mimi nimesimama ng'ambo ya pili na tairi mkononi, mdomo wazi.

Gari lililovutwa lilikuwa la spoti, milango miwili, la chini mno kiasi kwamba tumbo lake lilikuwa karibu kukwaruza barabara. Wekundu wake ulikuwa umepauka kwenye paa na boneti. Kwenye kiti cha mbele cha gari la kuvuta, katikati ya dereva na bibi mmoja, alikaa mwanaume aliyeinama upande mmoja kama gunia lililopakiwa vibaya. Mdomo wake ulikuwa umekwenda kando.

Bibi akashuka kwanza. Alikuwa mama mkwe wa Mama Bampa.

"Mwanangu," alisema, "nimekuletea mumeo."

"Mume yupi?" akauliza Mama Bampa, kitambaa bado kiko kwenye taa.

Mtaa wetu ni wa spea za mitumba, na jina la mtu ni kile anachouza. Mimi nauza matairi, basi hata mashemeji zangu wananiita Tairi. Mama Bampa alipata jina lake zamani, alipokuwa mke mdogo wa umri anayeokota bampa zilizopasuka, anazishona kwa waya wa moto, anazipaka rangi na kuzipanga chini kwenye turubai. Alishona vizuri hivi kwamba ungepitisha kidole usijue palipopasukia. Mumewe ndiye aliyekuwa akizunguka kwenye minada kutafuta mali. Huyo tulimwita Rubani, kwa vile alivyokuwa akiendesha gari lolote utakalompa, hata pikapu la kubebea mchanga, kana kwamba mbele yake kuna anga tupu.

Kutoka kwenye turubai walipanda hadi kibanda, na kutoka kibanda hadi duka lenye mlango wa chuma. Walikuwa chanda na pete, sitaki kusema uongo. Kisha likaja jambo la mzigo mkubwa wa milango na boneti uliokuwa unapigwa mnada, mzigo ambao ungewaondoa kwenye kubahatisha. Walijibana mno kwa ajili ya mzigo ule. Mama Bampa alivaa viatu vya marehemu dada yake, vilivyokuwa vikimbana, kwa kuwa kununua vingine kulikuwa kuurudisha nyuma mzigo.

Rubani akaenda mnadani, akarudi na gari jekundu.

"Hili ni tangazo la duka," alimwambia mkewe, huku akipiga resi pale pale mlangoni hadi vioo vya madukani vikatetemeka. "Watu wakiliona watauliza, huyu anauza nini?"

"Lina viti viwili," mkewe akasema. "Sisi tuko wanne."

"Watoto tutawapakata."

Hawakupakatwa hata mara moja. Kiti cha pili kilipata wenyewe, leo mwanamke huyu, kesho yule, na hakikuwahi kupoa. Siku moja mchana Rubani alimwambia mkewe anakwenda kujaribu breki, atarudi sasa hivi. Hakurudi. Tukasikia yuko mji mwingine, ana mwanamke, ana biashara, hana biashara, maneno yalikuja kila aina. Mpaka leo huku mtaani, baba wa mtu akitelekeza nyumba, tunasema amekwenda kujaribu breki. Mama Bampa mwenyewe alikuwa akicheka tukisema hivyo. Alijikaza hivyo hivyo, akashona bampa, akaongeza taa na milango, akasomesha watoto wake wawili, wa kiume akapata kazi mbali, wa kike akabaki naye kwenye biashara.

Nilimuuliza baadaye kwa nini alimpokea. Alinijibu bila kuninyamazisha, ingawa alikuwa na haki ya kuninyamazisha.

"Nilipokuwa nikienda minadani," alisema, "nani alikuwa analala na watoto wangu? Si yule bibi? Aliona aibu ya mwanawe akaibeba yeye, miaka yote. Sasa aje mlangoni kwangu na mgonjwa, nimfungie kwa uso upi?"

Kiharusi kilikuwa kimempiga Rubani upande wa kulia. Yule mwanamke wa mji mwingine alikaa naye kidogo, kisha akampigia simu bibi aje amchukue mwanawe pamoja na lile bati lake. Gari lenyewe lilikuwa limekauka oili njiani siku nyingi nyuma, injini imekwama, halina mbele wala nyuma.

Mama Bampa alimpa chumba alichokuwa akihifadhia milango ya magari. Akaitoa milango yote, akafagia vipande vya vioo, akaweka kitanda. Kuanzia hapo alikuwa na kazi mbili. Asubuhi kabla ya duka alimgeuza, akamwosha, akambadilisha shuka, akamlisha kwa kijiko huku akimfuta kidevu. Jioni alirudia yote. Rubani alikuwa mtu wa kifua na mapaja, na mwili usiojisaidia ni mzito kuliko uzito wake. Binti yake alisaidia pale ilipobidi, lakini hakumwita baba. Alimwita "mgonjwa wako."

"Mama, mgonjwa wako amelowa."

Rubani alikuwa hasemi. Alitoa sauti tu, ga, ga, huku akimkodolea mkewe macho na machozi yakimtoka. Mama Bampa hakuwa mtu wa kujidanganya, lakini alianza kusubiri. Aliona kuna neno linataka kutoka. Akawa anakaa naye baada ya kumlisha, akimfundisha kama mtoto: sema ma, sema ba. Siku neno lilipotoka zima alikuwa amemwinamia anamfunga vifungo vya shati. Aliniambia alidhani litakuwa jina la mmoja wa watoto. Au samahani.

"Gari," alisema Rubani. "Gari langu... liko wapi?"

Mama Bampa akamalizia kufunga vifungo. Akaenda dukani, akazunguka gari lile lililokuwa limekaa kando ya ukuta tangu siku lilipoletwa, akaingia ndani ya duka, akatoka na spana.

Bibi alipopata habari alikuja mbio. "Mwanangu, usilifungue. Litengenezeni. Akipona ataendesha nini?"

"Mama, injini imekufa."

"Si mtafute nyingine? Hapa si ndipo zinapouzwa?"

"Zinauzwa," alisema Mama Bampa, "na huyu naye atauzwa. Dawa haziji zenyewe."

Alilifungua yeye mwenyewe, kwa mpangilio, kuanzia nje kwenda ndani: taa, vioo vya pembeni, lile bawa la nyuma lililokuwa likimpa kiburi mumewe, bampa mbili, boneti. Tulitaka kumsaidia akakataa, isipokuwa pale kwenye kushusha injini, ambapo tulishika mnyororo watu kadhaa. Nilimwona akitoa kiti cha abiria. Bolti zake zilikuwa zimeshika kutu, akazipiga nyundo kuliko ilivyohitajika. Kilipotoka hakukiweka kwenye kibaraza pamoja na vitu vingine. Alikibwaga kwenye mchanga, na mtu wa kwanza aliyekiulizia akapewa kwa bei ya kutupa.

Binti alipiga picha kila kipande akaziweka mtandaoni, na hapo ndipo tulipojua alichokuwa nacho mama yake. Magari ya aina ile hayakuwa mengi, na wenye nayo walikuwa wakihangaika. Walianza kuja kutoka mbali. Vijana wenye miwani ya jua, wafanyabiashara, daktari mmoja wa meno aliyekuwa na gari kama lile, jeupe, lililokosa vitu vingi. Huyu daktari alishika taa ya nyuma kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto mchanga.

Rubani akasikia. Akawa hali, halali, anataka apelekwe dukani. Binti akasema asipelekwe. Mama Bampa akaona afadhali, atakuwa anamwona akiwa kazini badala ya kukimbia nyumbani kila saa. Akachukua kile kiti cha dereva, cha ngozi nyeusi, akakifunga juu ya kreti mbili za mbao, akakiweka kibarazani. Asubuhi alimpandisha Rubani, akamnyoosha miguu, akamwekea mto upande uliolegea.

Wala sisemi hakumfaa. Mteja wa kwanza alipouliza kama geaboksi ilikuwa nzima, Rubani alijibu. Maneno yalikwama, yakarudi nyuma, yakatoka. Alisema gia ya tatu ilikuwa ngumu wakati wa baridi, ila ukiipa mkono mwepesi inaingia. Mkewe akageuka kumtazama. Kwake nyumbani Rubani alikuwa bado anaomba maji kwa kuonyesha kidole. Kuanzia siku hiyo ulimi wake ulifunguka kwa kasi ya ajabu. Kila kipande kilikuwa na hadithi. Rimu hizi zilipanda mlima fulani mvua ikinyesha. Eksozi hii ilisikika mitaa mitano. Wateja wakawa hawaondoki, wanachuchumaa mbele ya kiti chake kama wanafunzi, wanacheka, wanamwita Mzee Rubani. Duka lilijaa. Hata mimi niliuza matairi kwa upepo wake.

Na Mama Bampa ndiye aliyekuwa akipanda ngazi kushusha mali, akifunga kwa kamba, akipokea, akirudisha chenji, akileta chai.

Siku moja daktari wa meno alikuja kuchukua sukani. Walikaa na Rubani, wakazungumza mpaka jua likahama kibarazani. Akiondoka alimpa Mama Bampa tabasamu pana la watu wa kazi yake.

"Mama, unamsaidia mzee vizuri sana," alisema. "Na wewe umepata bosi mwema. Duka zuri hili."

Mimi nilikuwepo. Mama Bampa alimtazama mumewe, akamngojea. Ilihitajika sentensi moja tu: huyu ndiye mwenye duka, huyu ni mke wangu. Na kufikia hapo alikuwa na uwezo wa kuisema, maana punde tu alikuwa ametoka kueleza mfumo wa breki kuanzia pedali hadi gurudumu.

Rubani aliinamia sukani iliyokuwa mapajani mwake, akaigeuza kidogo kushoto, kidogo kulia.

"Karibu tena, daktari," alisema.

Mama Bampa alikusanya vikombe, akaviosha na kuviosha tena.

Jumapili iliyofuata duka lilikuwa limefungwa. Alikuwa amekaa kitandani kwa mumewe akimnyoosha vidole vya mkono wa kulia kimoja kimoja, kama alivyoelekezwa na watu wa hospitali. Mlango ulikuwa wazi, watoto wa jirani wanacheza nje. Akamuuliza lile swali alilokuwa amelimeza tangu siku ya gari la kuvuta.

"Baba watoto, kwa nini hukurudi ulipokuwa mzima?"

Rubani alifikiri. Alikuwa na utulivu, hakukasirika wala kuona haya.

"Nilikuwa mzima," alisema. "Sasa ningerudi kufuata nini?"

Aliniambia kwamba wakati huo alikuwa kwenye kidole cha kati. Akamaliza cha kati, akafanya cha pete na kidole kidogo, akaufunika mkono kwa shuka. Ndipo akatoka nje, akasimama ukutani, na kiuno kilimkatika kwa maumivu, akakaa chini pale pale. Binti alimkuta ameketi kwenye vumbi.

"Mama, mfukuze," binti alisema aliposimuliwa. "Leo. Mimi mwenyewe nitampakia kwenye gari."

"Hawezi kutembea."

"Ulipokuwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi, yeye aliuliza kama unaweza kutembea?"

Hakumfukuza. Wengine mtaani walimsifu, wakasema ana moyo wa dhahabu. Nadhani sifa hizo zilimuudhi kuliko kingine chochote. Aliniambia mwenyewe kwamba halikuwa jambo la moyo. Alikuwa amekwisha kuanza, na alikuwa hajui namna ya kuacha kazi iliyo nusu.

Alimnyoosha hadi akasimama. Alimshika kwapa wakatembea chumbani, wakatembea uani, wakatembea hadi dukani, Rubani na fimbo yake, mkewe akiwa fimbo ya pili. Kufikia hapo gari lilikuwa limebaki ganda: sakafu, paa na nguzo zake.

Daktari wa meno akaja na gari lake jeupe. Sasa lilikuwa limekamilika, lina taa za Rubani, rimu za Rubani, sukani ya Rubani na bawa la Rubani, limepakwa rangi upya. Lilipiga resi pale mlangoni na vioo vya madukani vikatetemeka.

"Mzee, twende nikuzungushe kidogo," akasema.

Rubani alikuwa amesimama kabla hajamaliza. Mama Bampa alimsaidia kuingia, maana gari lile lilikuwa la chini. Alimwinamisha kichwa asijigonge, akamwingizia mguu wa kulia, akamfunga mkanda, akamwekea fimbo pembeni. Rubani alicheka kama kijana. Hakumwambia mkewe kwaheri, na yeye hakushtuka, kwa kuwa aliyetoka kuzungushwa hurudi.

Jioni binti alipokea simu, na aliyepiga alikuwa daktari. Mzee ameonelea abaki kule kwake kwa muda, kuna chumba cha uani. Walikuwa na mpango, yeye na wenzake wenye magari ya aina ile, wafungue sehemu ya spea za magari ya spoti, na mzee awe mtaalamu wao. Akaomba nguo za mzee ziwekwe tayari, atatuma mtu.

"Amesema chochote kwa mama?" binti akauliza.

Daktari akajibu, "Amesema msisahau dawa zake."

Sehemu ile ikafunguliwa. Tuliiona picha yake mtandaoni: ukuta mweupe, taa nyingi, na Rubani amekaa kwenye kiti kizuri, shati limepigwa pasi. Jina la Mzee Rubani liliandikwa juu ya mlango kwa herufi kubwa. Wale wateja waliokuwa wakija kwetu wakahamia kule. Bibi akaja dukani, akajizungusha kwenye maneno mengi, mwisho akasema lililomleta. Mwanawe amemtuma. Gari lilikuwa lake, na lilivyouzwa, hakupata kitu.

Siku hiyo nilidhani Mama Bampa angepiga kelele, na mtaa mzima ungemuunga mkono. Alimkalisha yule bibi kwenye kivuli, akampa maji. Akamwonyesha ganda kando ya ukuta.

"Fungu lake ni lile, mama. Mwambie alete gari la kuvuta."

Bibi akalitazama, kisha akatazama mikono yake. "Ulinikosea kumpokea," alisema polepole. "Ungemkataa siku ile, ningekuelewa."

"Mbona hukuniambia siku ile?"

Bibi alikunywa maji yake, akaondoka, na tangu siku hiyo hakuja tena kututembelea. Huyo ndiye ambaye Mama Bampa alimlilia. Mume hakumlilia, ila mama mkwe wake alimlilia, maana walikuwa wamekaa pamoja miaka mingi kuliko alivyokaa na mwanawe.

Hakuna aliyekuja kuchukua ganda. Likakatwa kwa gesi, likauzwa kwa kilo pamoja na vyuma vingine.

Kiuno cha Mama Bampa hakikupona. Kushuka ngazi ya duka ilikuwa shughuli, na kushona bampa, kazi ya kuinama, ikamshinda kabisa. Binti yake alimlazimisha aende hospitali. Huko, kwenye benchi refu la wagonjwa wa viungo, alikaa, na alipogeuka akakuta pembeni yake amekaa Rubani. Alikuwa peke yake. Alikuwa amekonda, na mkono wa kulia ulikuwa umejikunja kama kucha, wala hakukuwa na mtu aliyekuwa akiunyoosha.

"Mama Bampa," alisema.

"Hujambo."

"Sijambo. Daktari ana safari, dereva wake ameniacha hapa." Akapapasa goti. "Mguu umerudi kuwa mzito."

Wakakaa. Muuguzi akatoka mlangoni, akaita jina la Rubani, jina lake la kwenye cheti ambalo mtaani hakuna anayelijua. Rubani akajaribu kusimama, akarudi kukaa. Akajaribu tena. Kisha akamnyooshea mkewe mkono, ule mzima, jinsi alivyozoea kuunyoosha kila asubuhi.

Mama Bampa aliniambia kwamba mwili wake ulianza kuinuka wenyewe. Mabega yalikwisha kuinama. Lakini maumivu yalimkamata kiunoni, yakamkalisha.

"Nesi," aliita, "mgonjwa wako anahitaji kuinuliwa."

Muuguzi akaja, akamshika Rubani kwapa, akashindwa, akamtazama Mama Bampa. "Mama, wewe ni nani wake? Hebu nisaidie."

"Tumekutana hapa kwenye benchi," alisema.

Akaitwa mtu mwingine, wakamwinua. Rubani alikwenda akiburuta mguu, akageuka mlangoni kana kwamba amesahau kitu kitini, kisha wakamwingiza.

Zamu ya Mama Bampa ilipofika, daktari wa viungo alimbonyeza mgongo, akatazama picha zake za eksirei, akatikisa kichwa. Akamuuliza amekuwa akinyanyua mizigo gani miaka hii.

"Spea," alisema. Na alipokuwa akinisimulia haya alikuwa amekaa dukani kwangu juu ya tairi, kwa sababu kukaa chini hawezi tena, akaniomba nimvutie karibu lile boksi la taa alilokuja nalo kusugua.